Neno Asilolitamka Mkamwana

Nafundisha Kiingereza katika chuo cha uuguzi mjini Kasulu, na kazi hiyo naijua. Nasema hivyo bila kuona haya. Wanafunzi wangu wametapakaa kwenye wodi kuanzia Kakonko hadi Kigoma mjini, na ukikutana na muuguzi anayeandika taarifa ya zamu inayosomeka, muulize alifundishwa na nani. Kama si mimi, basi ni mtu niliyemfundisha mimi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni maneno yanayofanana sauti. Sisi Waha, pamoja na ndugu zetu wenye asili ya Burundi tunaoishi nao, hatuna muda wa kuzigombanisha "r" na "l". Nyumbani yoyote inatosha. Kiingereza kinazigombanisha, na wodini ugomvi wao ni mkubwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika kuhusu mama aliyetoka kujifungua: "Mother is breeding heavily." Alitaka kusema mama anavuja damu nyingi, "bleeding", akaishia kusema mama anazaliana kwa kasi. Darasa lilicheka, na nikiri kwamba wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Kisha nikawauliza: daktari akisomewa hivyo kwenye simu, atakuja mbio au atatuma salamu za pongezi?

Ndiyo maana siwapi wanafunzi orodha za kukariri. Jumatatu kila mmoja anachukua maneno mawili yanayofanana, tuseme "palpation", yaani kupapasa tumbo la mgonjwa kwa mkono, na "palpitation", yaani moyo kwenda mbio. Ijumaa anarudi na taarifa ya wodini ambamo kila neno limefanya kazi yake kwa mtu wa kweli, kisha anaisimamia mbele ya wenzake na kuisoma kwa sauti. Anayechanganya anarudia. Wanafunzi wananiita mkali, na hawajakosea.

Miaka michache iliyopita nilipata mwanafunzi mtu mzima. Alikuwa mama wa watoto watatu, kaolewa upande wa Kibondo katika familia ya Warundi waliokuja zamani na ambao sasa ni raia kama mimi. Sekondari aliimaliza akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa mrefu, mpole, anavaa kitambaa kichwani kilichofungwa kwa nguvu kama mtu anayekwenda kupalilia, na akili yake ilikuwa inakata. "Fifteen" na "fifty" hakuzichanganya hata siku moja, wakati vijana waliosoma shule za kulipia walikuwa wanampa mgonjwa vidonge hamsini badala ya kumi na tano, kwenye karatasi tu, Mungu ashukuriwe.

Lakini alikuwa na kasoro moja iliyonitia wazimu. Hakusema "patient". Neno hilo muuguzi hawezi kukaa dakika tano bila kulitamka, maana ndilo mgonjwa mwenyewe. Wengine walikuwa wanalichanganya na "patience", subira, wakaniandikia kwamba wodi ina subira kumi na mbili na moja imetoroka. Hilo nililizoea. Huyu hakulichanganya. Alilizunguka. Alisema "the sick one", au "this father", au "bed four". Hata "patience" hakuigusa. Nikimwambia asome kitabuni, akifika kwenye neno hilo anakohoa kidogo, anaruka, anaendelea.

Nilimsahihisha kwa upole, baadaye bila upole. Siku moja mbele ya darasa zima nilimwambia, "Wewe umekuja hapa kujifunza uuguzi au kujificha?" Aliinamisha kichwa, akapiga makofi mawili ya taratibu, kama tunavyofanya huku kwetu tukiomba radhi kwa mkubwa. Niliona ni kiburi kilichovaa nguo ya adabu. Katika mtihani wa kuzungumza nikamfelisha. Aliporudia, nikamfelisha tena, kwa sababu taarifa ya zamu ina lugha yake na mimi sikuwa na ruhusa ya kumbadilishia mtu mmoja. Ikabaki mara ya tatu, na sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukifeli mara ya tatu, unafunga mizigo.

Aliyenifumbua macho ni mwenzake wa bwenini. Alinifuata nikiwa nafunga ofisi mchana, akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, mnamwonea dada yetu. Neno lile ni jina la baba mkwe wake."

Nilikaa chini. Mzee huyo alibatizwa na mapadre wa Kifaransa, na jina walilompa linasikika karibu sawa na neno hilo la Kiingereza. Katika familia nyingi za huko, na kwetu pia zamani, mke halitaji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo, hata kama neno lenyewe ni la kitu anachokihitaji kila siku. Anatafuta njia nyingine ya kusema. Ni heshima ya kwanza anayoingia nayo kwenye nyumba ya watu.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kusoma. Jina la babu yangu mzaa baba lilikaribiana na neno la Kiha la chumvi. Mama yangu, kwa maisha yake yote ya ndoa, hakuitaja chumvi. Alisema, "Nipe kile cha kutia kwenye mboga," na sisi watoto tulikuwa tunampa bila kujiuliza. Mtoto wa mama huyo ndiye aliyemwambia mkamwana wa watu kwamba anajificha. Niliona aibu, na aibu kwangu haikai muda mrefu kabla haijageuka kuwa haraka ya kutengeneza mambo.

Haraka hiyo ndiyo iliyoniponza. Badala ya kumwita mwenye shida tukazungumza, nilijiambia kwamba jambo hili lina mwenyewe, na mwenyewe ni mzee. Akimruhusu, limekwisha. Jumamosi nikapanda kosta hadi Kibondo, nikachukua bodaboda hadi kijijini kwao, nimebeba sukari kilo mbili na sabuni, nina uhakika wangu wote.

Mzee nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Tulisalimiana kwa kirefu kama inavyotakiwa, habari za nyumba, za mvua, za mashamba, za watoto, hadi kila kilicho hai kikawa kimeulizwa. Akaniletea kiti, mkewe akaleta maji ya ndizi. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani. Nikamalizia kwa kusema, "Mzee wangu, ni neno tu la kizungu. Mwambie alitamke, apate cheti chake."

Aliendelea kupukuchua gunzi hadi likaisha.

"Mwalimu," akasema, "huyu binti, mwanangu alipotaka akae nyumbani alime, mimi ndiye niliyesema aende shule. Unajua?"

Nilikuwa sijui.

"Ego, ndiyo hivyo. Sasa sikiliza. Mimi sikumwomba aliache jina langu. Sijawahi kumwomba. Tulipovuka kuja huku hatukubeba ng'ombe, hatukubeba nyumba. Tulibeba namna ya kuishi. Yeye ameikuta hapa akaichukua kwa mikono yake." Akachukua gunzi jingine. "Nikimwambia alitaje, atalitaja, maana ananitii. Atakuwa amenivunjia heshima kwa amri yangu mimi. Unataka nimfanyie hivyo?"

Nikaokota punje zilizoangukia miguuni pangu, mimi ambaye majibu hayajawahi kunipungukia.

"Heshima ni ya kwake," akasema. "Siwezi kumnyang'anya. Nenda kamuulize yeye."

Jumatatu mwanafunzi wangu alikuwa ananisubiri mlangoni kabla ya kipindi. Simu zilikuwa zimeshafika. Aliniamkia, akasimama wima, na kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni.

"Madam, mmeenda kunishitaki kwa baba mkwe."

"Sikwenda kukushitaki. Nilikwenda kukuombea."

"Mngeniuliza mimi kwanza."

Nikamwambia samahani. Halikuwa neno nililolizoea kumwambia mwanafunzi, lakini nililitoa na halikuniua. Nikamuuliza sasa kile nilichopaswa kumuuliza mwanzo: yeye anatakaje? Akasema anataka kuwa muuguzi, na anataka aendelee kuwa mkwe wa nyumba ile kama alivyoingia. Vyote viwili. Nikamwambia hilo linawezekana, niachie mimi.

Heshima si utumwa, na mimi nilikuwa tayari kuipigania. Niliingia kwa mkufunzi mkuu wa mafunzo ya wodini, nikabishana naye asubuhi nzima. Alikuwa mtu wa mpangilio, hasemi sana, na aliniuliza swali moja tu: "Itakuwaje siku akilazimika?" Nilimjibu kwamba hatalazimika. Atasema namba ya kitanda. Kitanda namba moja, kitanda namba mbili, na hali ya aliyelala hapo. Kila aliyepo wodini anaijua namba ya kitanda, haiwezi kuchanganywa na kitu kingine. Hatimaye alikubali. Mtihani wa tatu ungefanyika kwenye wodi ya wanaume, katika hospitali tunakofanyia mazoezi, wakati wa kukabidhi zamu asubuhi, na mwanafunzi angeruhusiwa kutumia namba. Nilitoka mle ofisini natembea kifua mbele.

Siku nne kabla ya mtihani, mzee aliugua. Ngiri iliyokuwa ikimsumbua ilikaza, na watoto wake walipotaka kumpeleka hospitali ya karibu alikataa. Alisema atapelekwa kule mkwe wake anakosomea. Kwa hiyo wakamleta, na akalazwa kwenye wodi ileile ya wanaume, kitanda namba saba, akisubiri upasuaji mdogo wa ngiri. Kitanda namba sita alilala mzee mwingine wa umri wake, mwenye kisukari, ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa umeoza kuanzia vidoleni. Huyo alikuwa anasubiri kukatwa chini ya goti.

Nilimwambia mwanafunzi wangu nitaomba mtihani wake uhamishiwe wodi ya wanawake. Akakataa.

"Atasema nimemkimbia," alisema. "Nitasema namba, Madam. Si tumekubaliana?"

Tulikuwa tumekubaliana.

Asubuhi ya mtihani ilinyesha ile mvua yetu ya Kigoma isiyobisha hodi. Nilifika nimelowa, nikamkuta mkufunzi mkuu na muuguzi wa zamu ya mchana wamesimama tayari na mafaili. Mwanafunzi wangu alikuwa ndani tangu alfajiri. Alikuwa ameandika taarifa yake mapema, kwa mwandiko mzuri, karatasi mbili. Alipomaliza kuandika alikwenda kumwogesha mgonjwa wa mwisho kule nyuma ya pazia. Wakati yuko huko, bati lilianza kuvuja juu ya kitanda namba saba. Wahudumu wawili wakasukuma kitanda cha mzee wa ngiri hadi pakavu, chini ya namba sita, na ili nafasi ipatikane wakamsogeza mzee wa kisukari upande wa namba saba, kando ya ndoo ya kukingia maji. Namba kwetu zimepakwa rangi ukutani. Vitanda vilihama, namba zikabaki.

Haya niliyajua baadaye. Wakati ule niliona wodi safi na mwanafunzi aliyesimama vizuri, basi.

Alianza. Kiingereza chake kilitiririka. Kitanda namba moja, homa imeshuka. Namba mbili, amekunywa uji wote. Namba tatu, dripu imebadilishwa saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nasikiliza kila herufi na sikupata cha kusahihisha. Mkufunzi mkuu alikuwa anaandika. Mhudumu wa chumba cha upasuaji alikuwa ameshafika na kitanda cha magurudumu, kwa sababu wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo alikuwa mtu wa mguu.

"Bed six," akasoma, "for theatre this morning. Right leg, below the knee."

Mhudumu akasukuma magurudumu hadi namba sita na kuanza kukunja shuka. Mwanafunzi wangu akainua macho kutoka kwenye karatasi.

Aliyelala pale alikuwa baba mkwe wake.

Niliona uso wake ukibadilika, ndipo na mimi nikamwangalia mzee nikamtambua. Mzee alikuwa macho, ametulia, akitutazama. Hakuna alichoelewa, maana yote yalikuwa yanasemwa kwa Kiingereza. Plasta yenye jina waliyombandika mkononi ilikuwa imelowa ikajikunja, haisomeki.

"No," mwanafunzi wangu akasema. "Not this one."

Muuguzi wa zamu ya mchana alikunja uso. "Umesema bed six. Hii ndiyo six." Akaonyesha ukutani.

"They moved the beds. Not this one. The other father."

"Which father? Hapa wote ni baba. Mimi siwezi kubadilisha orodha ya upasuaji kwa 'not this one'. Name the patient."

Nilifungua mdomo. Jina nilikuwa nalijua, nilishakaa uani kwake. Mkufunzi mkuu akaninyooshea kiganja bila hata kuniangalia, nikaufunga. Aliyekuwa anakabidhi zamu ni mmoja tu, na ni yeye ambaye neno lake lingeandikwa. Nilikuwa na hasira, naapa, lakini si kwake. Nilikuwa na hasira na namba zile sita na saba pale ukutani, ambazo nilizipigania mimi mwenyewe kwa asubuhi nzima.

Najua mtakaloniambia. Huko mbele wangegundua. Chumba cha upasuaji kina ukaguzi wake, na hakuna daktari ambaye angekata mguu mzima. Pengine. Mimi nilikuwepo, nikaona shuka limeshakunjwa na mikono ya mhudumu iko chini ya mabega ya mzee, na wakati huo neno pengine halikunifariji hata kidogo.

Mwanafunzi wangu aliweka karatasi zake juu ya meza ya dawa. Akaenda hadi kitandani, akaweka mkono wake kwenye mkono wa mhudumu na kuuondoa. Kisha akasimama wima na kusema kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia:

"This patient is..." na akataja jina. Jina la ubatizo, jina la ukoo, umri, kijiji. "He is for hernia repair. He has two good legs. The patient for amputation is there, beside the bucket."

Lile neno alilitamka sawasawa, mara mbili, na jina mara moja.

Mzee alikuwa ameyasikia yale maneno ya kigeni yakipita, na katikati yake akasikia jina lake, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwahi kumtaja. Aligeuza kichwa kwenye mto.

"Ndi hano, mwana wanje," akasema. Niko hapa, mwanangu.

Mkamwana yule alipiga magoti palepale, kwenye sakafu iliyolowa, akapiga makofi ya kuomba radhi. Mzee akamshika kiganja ili asiendelee. Nilijikuta nalia, mimi niliyemfelisha mara mbili, na sikujificha. Muuguzi wa zamu ya mchana tayari alikuwa anasahihisha orodha kwa kalamu nyekundu. Mkufunzi mkuu akasema taratibu, "Endelea. Bed eight." Mwanafunzi wangu akanyanyuka, akachukua karatasi zake mezani na kuendelea hadi kitanda cha mwisho. Kuanzia hapo hakutumia namba tena. Alitaja majina ya watu.

Zamu ya mzee kuingia chumba cha upasuaji ilifika karibu na adhuhuri. Mkwe wake alikuwa bado na sare yake, akisukuma kitanda upande mmoja, mimi nikitembea nyuma nimebeba faili kana kwamba kuna aliyenituma. Mlangoni alitoka muuguzi wa ndani, amevaa kofia na barakoa, akainama juu ya mzee kwa ukaguzi wao wa kawaida. Akamuuliza kwa Kiswahili, "Mzee, jina lako nani?"

Mzee alimtazama, kisha akamtazama aliyekuwa anasukuma kitanda.

"Mkwe wangu ameshalitaja," akasema. "Andikeni alivyosema yeye."